Baraza la Hewani: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Kuhusu Klabu ya Redio ya Ridhaa Mombasa

Maswali haya yamekusanywa barazani na kwenye simu zetu, na mawili matatu yalitoka kwa askari waliotukuta ufukweni tumeshika waya. Yamejibiwa na katibu, kwa hivyo ukiona mahali pana upendeleo, ni wake.

Nyinyi mnapatikana FM ngapi?

Hatupatikani FM yoyote. Hatupigi muziki, hatusomi salamu, na hakuna anayetulipa. Ridhaa hapa ni ile ile ya ndondi za ridhaa: mtu anacheza kwa mapenzi yake. Mwenye leseni hurusha na kupokea mawimbi akiwa nyumbani kwake, na upande wa pili yuko mwenzake wa aina hiyo hiyo, Malindi au Muscat au Brazil. Stesheni ya FM huongea na maelfu wasioweza kuijibu. Sisi twaongea na mmoja, naye anajibu.

Wenzetu duniani hujiita «ham». Neno hilo lilipofika Mombasa lilipata irabu likawa hamu, na hatujaona sababu ya kulisahihisha.

Klabu ilianza vipi?

Ilianza kwa mzee mmoja mwenye leseni, fundi mstaafu wa bandarini, na majirani wasioisha maswali. Kibao chake cha kupigia Morse, ile lugha ya nukta na mistari, kilikuwa kimepigiliwa misumari mezani ili wajukuu wasiondoke nacho. Baada ya Isha vijana walikuwa wakija nyumbani kwake Tudor, wanakaa mkekani, wanasikiliza. Aliyetaka kufundishwa alikuja na waya, hata wa mita mbili. Chama kilikuja baadaye, waya ulipokuwa mwingi kuliko nafasi na mke wa mzee alipotaka sebule yake.

Na redio yenyewe hapa Mombasa ina historia gani?

Ndefu kuliko klabu, na swali hili nalipenda, kwa hivyo vuta kiti.

Mji huu ulizoea habari za mbali kabla ya redio kuwapo. Zanzibar ilikuwa imeunganishwa na Aden kwa waya wa telegrafu chini ya bahari tangu 1879, na mwaka 1890 waya mwingine ukavutwa kutoka Zanzibar mpaka hapa. Utangazaji wa redio ulipoanza Kenya mwaka 1928, ulianzia Nairobi, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Kila mtu wa redio ya ridhaa ana alama ya wito, yaani jina lake la hewani, na mwanzo wake hutaja nchi. Za Kenya enzi hizo zilianza na VQ4. Tanganyika ilikuwa VQ3, Uganda VQ5, Zanzibar VQ1. Watu wa redio hutumiana kadi kuthibitisha kwamba walisikizana. Ukikuta kadi kuukuu yenye herufi hizo katika sanduku la babu, usiifungie maandazi. Tuletee.

Vita vya Pili vilipozuka mwaka 1939, redio za ridhaa zilifungwa katika makoloni ya Uingereza. Serikali iliyo vitani haipendi raia anayeongea na ng'ambo kutoka chumbani kwake. Lakini Mombasa haikunyamaza. Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo, na manowari za Uingereza zikahamishia makao yao Kilindini. Pamoja nazo walikuja watu wa kazi ya siri: wasikilizaji wa Morse ya Kijapani na wavunjaji wa mafumbo. Waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, ile inayotazama bahari. Nimekutana na watu waliosoma pale miaka minne bila kuambiwa kwamba madarasa yao yaliwahi kuwa na kazi hiyo.

Mwaka huo huo wa 1942 walivunja fumbo lililotumiwa na meli za biashara za Japani. Walipata upenyo kwa kosa dogo sana: opereta alisahau kutaja mahali meli yake ilipokuwa, akarusha ujumbe ule ule mara ya pili kwa ufunguo ule ule. Kila mwanafunzi mpya wa Morse husimuliwa kisa hiki kwetu. Si kwa ajili ya vita. Ni kwamba aliyekaa kimya akisikiliza kwa makini hupata mengi kuliko anayerusha bila kufikiri. Mwaka 1943 kazi ile ilirudishwa Colombo, kwa sababu moja inayotuhusu: mawimbi ya Japani yalifika hapa yamechoka.

Kabla ya uhuru Pwani ilikuwa na stesheni yake, Sauti ya Mvita, ambayo wazee bado huitaja kama mtu aliyefariki. Baada ya uhuru VQ4 ilikufa, tukapata 5Z4 tuliyo nayo mpaka leo. Chama cha kitaifa, Amateur Radio Society of Kenya, ndicho kinachotuwakilisha katika umoja wa kimataifa wa IARU, uliozaliwa Paris mwaka 1925. Tarehe ya kuzaliwa kwake, 18 Aprili, ndiyo sikukuu yetu duniani.

Siku hizi kuna WhatsApp. Redio ya nini?

Swali hili huulizwa kwa tabasamu, na muulizaji huwa na simu mkononi yenye chaji nusu.

Usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima. Minara ya simu huishi kwa betri na jenereta, na vyote viwili vina mwisho. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa inajikokota kama mkokoteni wenye pancha. Mawimbi mafupi hayana mnara wala waya katikati. Kuna wewe, betri ya gari na anga.

Ila tusijivike kilemba kisicho chetu. Klabu si kikosi cha uokoaji, na siku nyingi mazungumzo yetu ni ya hali ya hewa, antena na magonjwa ya uzeeni. Mgeni akitusikiliza husema hawa wanapiga soga tu. Ni kweli, na hiyo soga ndiyo mazoezi. Usipomjua mtu wa Tanga kwa sauti yake siku ya amani, hutamtambua siku ya mafuriko. Usipojua kwamba saa kumi jioni masafa fulani hukufikisha Lamu na saa mbili usiku hayakufikishi, huwezi kujifunza hilo maji yakiwa mlangoni.

Mfano mkubwa ulitokea ng'ambo ya bahari hii hii yetu. Desemba 2004 Bi Bharathi Prasad wa India aliongoza kikundi kidogo cha watu wa redio hadi Port Blair, visiwa vya Andaman. Walikwenda kwa raha zao, kwa sababu visiwa vile vilikuwa havijasikika hewani kwa miaka mingi na dunia nzima ilivitamani. Tarehe 26 tsunami ikapiga, simu zikafa, na redio zao za mchezo ndizo zikawa zinabeba habari za walio hai. Wimbi lile lile lilifika kwetu mchana wa siku hiyo. Watu waliondolewa ufukweni, na Kenya ilipoteza mtu mmoja. Bi Bharathi hakwenda kuokoa mtu. Alikwenda kupiga soga, akiwa na vifaa vinavyofanya kazi na mikono iliyozoea.

Mimi ni mvuvi. Nijiunge ili niwe salama baharini?

Karibu ujiunge, lakini si kwa sababu hiyo. Chomboni unataka redio ya baharini, chaneli 16, ambayo husikilizwa na meli na walinzi wa pwani. Kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini kiko hapa hapa Mombasa tangu 2006. Wao ndio kazi yao.

Leseni inapatikanaje?

Hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Ada na fomu huwekwa na wao, kwa hivyo ulizia kwao wenyewe, usiulize binamu. Sisi twakusaidia kujiandaa: sheria, umeme kidogo, jinsi mawimbi yanavyosafiri, na adabu za hewani. Hayo manne ukiyajua hutababaika.

Ukishapata alama yako ya wito, ni yako. Inaanza na 5Z4, na duniani hakuna mwingine mwenye hiyo. Nimemwona mtu mzima, baba wa watoto watano, ameiandika ya kwake kwa chaki mlangoni kama mwanafunzi.

Nimenunua redio ya mkononi ya China mtandaoni. Naweza kuanza kuongea?

Hapana. Kununua gari si kupata leseni ya udereva. Kurusha bila kibali ni kosa kisheria, na vifaa hivyo hufungua masafa mengi yasiyo yetu: ya polisi, ya ndege, ya bandari. Katika mji wenye bandari na uwanja wa ndege, kubonyeza kitufe ovyo si mzaha. Iweke, soma, pata leseni. Betri haitaoza.

Kuna mambo yaliyokatazwa hewani?

Biashara, mafumbo na muziki. Huruhusiwi kuuza samaki kwa redio ya ridhaa, wala kuongea kwa siri ili wengine wasielewe. Kanuni za kimataifa zasema wazi: mchezo huu ni wa kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza ufundi, bila faida ya fedha. Siasa na dini hazikutajwa huko, ila sisi tunaziacha nje ya mlango pamoja na viatu.

Kiswahili kinaruhusiwa?

Tena sana. Kiingereza ndicho kinachovuma duniani, lakini lugha ni yako. Alama ya wito tu ndiyo hutamkwa kwa namna inayoeleweka na wote, ndiyo maana Z husemwa Zulu. Barazani tuna alfabeti yetu ya mchezo: Amu, Bamburi, Changamwe, na tumekwama kwenye X tangu siku ya kwanza.

Lazima nijue Morse?

Si lazima. Sharti hilo lilifutwa katika kanuni za kimataifa mwaka 2003. Lakini wengi huanza kwa sauti na kuishia kwenye Morse, kwa sababu ishara dhaifu isiyoweza kubeba sauti bado hubeba nukta na mistari. Mikono iliyozoea kupiga dumbaki huishika haraka kuliko wasomi.

Antena ni bei gani? Nyumba yetu ni ya kupanga.

Antena ya kwanza ni waya. Chukua 143, gawanya kwa masafa unayoyataka kwa MHz, unapata urefu kwa mita. Kwa 7.1 ni kama mita 20, kwa 14.2 kama mita 10. Kata katikati, unganisha hapo kebo ya redio, nyanyua juu. Minazi ndiyo milingoti yetu. Mkwezi mmoja anapanda na kamba, anateremka na madafu, kazi imekwisha. Asiye na mnazi hutumia boriti darini, kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Redio ya mkononi ya masafa ya 144 hadi 146 MHz ndiyo rahisi kuliko zote. Hiyo husafiri kadiri macho yanavyoona, zaidi kidogo. Ukiwa Ganjoni utamfikia mtu wa Nyali. Ukipanda vilima vya Shimba utashangaa. Redio za mawimbi mafupi ni ghali, na wengi wetu tunazo za mitumba. Usikubali kuuziwa ya mtumba bila kuisikia ikirusha. Mimi niliuziwa moja iliyokuwa inapokea vizuri mno, na kurusha ilikuwa imesahau kabisa. Muuzaji alisema nimeishika vibaya.

Kisha kuna chumvi. Hewa ya hapa hula shaba kwa miezi. Kila kiungo kizibwe, na kila kusi na kaskazi zikipishana teremsha antena uikague. Wakati wa masika chomoa kebo mawingu yanapokusanyika, maana radi haiulizi leseni.

Chumvi hiyo haina hata faida moja?

Inayo kubwa, na watu wa bara wanatuonea wivu. Maji ya bahari ni kioo kizuri kwa mawimbi. Antena ya kusimama wima ikiwekwa karibu na maji hutupa mawimbi chini chini, usawa wa upeo wa macho, na hayo ndiyo yanayokwenda mbali. Nguzo ya mwanzi yenye waya, pale mchanga unapokutana na maji, inaweza kushinda mlingoti wa gharama uliosimama bara.

Halafu tuko karibu na ikweta, nyuzi nne tu kusini, ambako tabaka la juu la anga hupigwa na jua barabara. Jua lenyewe lina mzunguko wa miaka kama 11, na kilele cha karibuni kilifika 2024. Miaka hiyo mtu wa hapa mwenye wati chache hufika Amerika ya Kusini akishangaa mwenyewe.

Askari akinikuta ufukweni na antena nitasemaje?

Utasema ukweli, na utakuwa na leseni mfukoni, si nyumbani. Mazungumzo huwa hivi:

«Bwana, hii ni nini?»

«Antena, afande. Redio ya ridhaa. Leseni hii hapa.»

«Unaongea na nani?»

«Sasa hivi, afande, na mtu wa Oman.»

«Unamjua?»

Hapo ndipo pagumu. Humjui, na hiyo ndiyo raha yake, lakini kulieleza hilo kwa afande kwataka subira. Mmoja alituomba asikilize, akakaa nusu saa. Pia usiende karibu na bandari, kivuko cha Likoni wala kambi ya wanamaji Mtongwe. Fukwe ni nyingi.

Kwa nini daftari zenu zina saa za ajabu?

Tunaandika saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa tatu. Wageni huchanganyikiwa, Mswahili hapaswi. Saa yetu ya kuhesabu tangu alfajiri iko nyuma ya UTC kwa tatu vilevile, basi ongeza tatu tu. Saa kumi jioni ni 13:00. Saa moja asubuhi ni 04:00. Usiku ongeza tatu na kumi na mbili: saa tatu usiku ni 18:00. Mzee wetu wa Tudor alikuwa akifanya hesabu hii kichwani huku vijana wakitafuta programu kwenye simu.

Ni kweli mnaongea na satelaiti?

Kweli. Satelaiti ya Qatar iliyorushwa Novemba 2018 imebeba kifaa cha watu wa ridhaa kiitwacho QO-100, na imetulia juu ya nyuzi 26 mashariki. Kwa kuwa sisi tuko karibu nyuzi 40, dishi la Mombasa hutazama magharibi lakini juu sana, karibu limelala chali, na mvua ikinyesha hugeuka beseni. Toboa tundu. Kituo cha anga za juu, ISS, nacho kikipita husikika kwa 145.800 MHz hata kwa redio ya mkononi.

Kuna tarehe inayotuchekesha. Marconi alisikia ishara yake ya kwanza ya kuvuka Atlantiki 12 Desemba 1901. Satelaiti ya kwanza ya watu wa ridhaa, OSCAR 1, iliruka 12 Desemba 1961. Kenya ikapata uhuru 12 Desemba 1963. Na 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikarushwa satelaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Kila Jamhuri Dei mtu mmoja lazima atayarudia haya juu ya viazi karai, hata kama sote tunayajua.

Jirani anasema mnaharibu picha ya televisheni yake.

Inawezekana. Mwite katibu aje kuangalia kabla ya kumwita chifu. Mara nyingi dawa ni kebo mpya au kichujio kidogo. Mara nyingine kelele inatoka kwenye chaja ya bei rahisi ya jirani huyo huyo, na hapo tunajibu kwa upole.

Wanawake na watoto wanakaribishwa?

Umesoma habari za Bi Bharathi hapo juu. Watoto huanza na Morse kwa kugonga sufuria, na hatuna mwanafunzi anayeshika haraka kuliko wa miaka tisa. Mwezi wa Ramadhani tunakutana baada ya taraweh. Miezi mingine ni alasiri, na mahamri huletwa na aliyechelewa mara iliyopita.

Sina leseni wala pesa. Nianze na nini?

Anza kusikiliza. Tafuta redio ya mawimbi mafupi inayopokea Morse, ya kuazima yafaa, uiweke kwenye 14.100 MHz. Hapo kuna vinara 18 vya dunia, yaani stesheni zinazojirushia ishara zenyewe ili watu wapime mawimbi, vinavyopokezana, kila kimoja sekunde kumi, na duru nzima huisha kwa dakika tatu. Kila kinara hutaja alama yake kwa Morse kwa wati 100, kisha hupiga milio minne mirefu: wati 100, 10, 1, na sehemu moja ya kumi ya wati.

Vitatu hufuatana: 4S7B wa Colombo, ZS6DN wa Pretoria, halafu 5Z4B, wetu wa Kenya, karibu na Nairobi. Nusu dakika tu. Utadhani wetu ndiye atakayenguruma kuliko wote, kumbe mara nyingi Colombo ndiye anayesikika safi, na wetu ananong'ona au hasikiki kabisa. Mawimbi ya masafa hayo hupanda, hugonga anga na kushuka mbali, na Mombasa, kilomita 440 hivi kutoka Nairobi, yanairuka. Andika siku, saa na milio mingapi umeisikia kwa kila kinara, wiki nzima, asubuhi na usiku. Kisha njoo na daftari hilo barazani, tutaanzia hapo.